Siku ya posa walimficha mdogo wangu

Shangazi, shikamoo.

Nakuandikia kwa sababu sina mtu wa kumwambia haya bila kuogopa yatafika wapi. Nina miaka 27, naishi Likoni na mama yangu na mdogo wangu wa kiume, kitinda mimba wetu, mwenye miaka 19. Mdogo wangu ana mtindio wa ubongo. Mama alishikwa na uchungu siku mbili nyumbani, na mtoto alipotoka hakulia. Hatembei, hakai bila kuegemezwa, mkono wake wa kulia umekunjamana, na maneno hayamtoki ila sauti ambazo mimi na mama tumezizoea. Kifafa humpata mara mojamoja. Baba aliondoka kitambo, ana familia nyingine Voi. Kaka yetu mkubwa yuko Doha. Kila mwezi hutuma shilingi 8,000, na akipiga simu huuliza kama zimefika.

Mama huuza mahamri na mbaazi karibu na feri. Huamka saa tisa usiku kukanda unga, na alfajiri huwa ameshatoka. Mimi nafanya kazi kwenye duka la dawa upande wa mjini, natoka nyumbani saa moja. Kuanzia hapo mpaka mama arudi, saa tano au sita, mdogo wangu hubaki peke yake na redio, na mlango unapigwa kufuli kwa nje. Usituone makatili. Zamani tulikuwa tunaurudisha tu. Siku moja wezi waliingia wakabeba mtungi wa gesi, yeye akiwaangalia. Ndipo kufuli likanunuliwa.

Mwezi uliopita kichwa kiliniuma kazini nikaruhusiwa kurudi mapema. Nilipofungua nilimkuta chini, kati ya kitanda na ukuta, amejichafua, sisimizi wanamtambaa shingoni. Sijui alikuwa pale tangu saa ngapi. Hakuwa analia. Aliniangalia, kisha akageuza uso ukutani. Tangu siku hiyo sipati usingizi.

Alipokuwa mdogo tulihangaika naye sana. Hospitali, waganga, makombe, yale maji ya dua, ya kunywa na ya kuoga. Mama alichoka kupanga foleni ili aambiwe hatapona. Alisoma kidogo katika kitengo maalum cha shule ya jirani, mama akimbeba mgongoni, mpaka alipofika miaka 11 akawa mzito na safari ikaishia hapo. Mwaka 2017, wakati wa kampeni, tuliletewa kiti cha magurudumu, tukapigwa picha. Akikalishwa humo huteleza. Sasa tunawekea madumu ya maji. Kitambulisho hana, mama alisema cha nini. Cheti cha kuzaliwa kipo.

Sasa lililonileta. Kuna kijana wa Ukunda tunapendana, anaendesha tuktuk. Yeye anamjua mdogo wangu, humsimulia habari za mpira, na mdogo wangu hucheka, hasa Gor Mahia wakifungwa. Lakini siku watu wake walipokuja kuposa, mama alimpeleka mdogo wangu kwa jirani tangu asubuhi, eti wageni wasije wakashtuka. Nami nikanyamaza. Posa ikapokelewa. Wiki mbili baadaye mama mkwe akayasikia sokoni. Anauliza kama ugonjwa huu ni wa kurithi, kama nyumba yetu ina mkosi, na kama nikiolewa nitakuja na mzigo wangu. Mchumba wangu anasema tungoje hasira zipoe. Mama naye analia: nikiondoka atabaki na nani, mgongo wake umekwisha, hawezi tena kumwinua.

Je, mama anaweza kushtakiwa kwa lile kufuli? Kuna msaada wowote wa kweli hapa Mombasa, au ni ule wa kupigwa picha tu? Na ndoa hii niiache?

Dada mtu, Likoni

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako niliisoma mara mbili, na mara zote mbili nilisimama palepale: aligeuza uso ukutani. Asiyeelewa kinachomfika hageuzi uso. Kijana wa miaka 19 amekutwa na dada yake amejichafua, akaona haya. Na kijana huyohuyo hucheka Gor wakifungwa. Wewe umeyaandika haya kwa kupitia tu, kama mtu anayetaja rangi ya pazia, lakini mimi nayaona ndiyo habari kubwa ya barua yako. Nitayarudia.

Nianze na kufuli, maana ndilo linalokunyima usingizi. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2003 ilikataza mzazi au mlezi kumficha mtu mwenye ulemavu hata akakosa huduma anazostahili, na ikaweka faini. Mwaka 2025 ilikuja sheria mpya kuchukua nafasi yake, na haikuja kuzipunguza haki za mdogo wako. Kwa hiyo kisheria mama yako hayuko mahali pazuri, na si vyema nikakudanganya. Lakini usiende nyumbani ukamtishia kwa polisi. Mama aliyembeba mwanawe mgongoni mpaka miaka 11 hafichi kwa ubaya. Siku mtakayoingia ofisini na kijana wenu, mkaandikisha jina lake, mkasema jamani tumeshindwa, hofu hiyo ya kushtakiwa mtakuwa mmeizika kwa mikono yenu.

Ila kufuli liondoke, na liondoke wiki hii, kabla ya kwenda ofisi yoyote. Kifafa kikimpata ndani humo, au jirani akiunguza chapati moto ukaruka, nani atafungua? Ufunguo mmoja uko ferini ndani ya beseni la mahamri, mwingine unao wewe mjini. Mnaye jirani aliyekubali kukaa naye siku ya posa. Maana yake jirani mnaye! Ikiwa aliweza kutwa nzima kwa ajili ya aibu yenu, mwombeni zile saa chache za asubuhi kwa ajili ya usalama wake, na katika zile 8,000 za Doha mtoe kitu mumpe, asifanye kwa hisani peke yake, kwa sababu hisani huchoka. Mwonyesheni na la kufanya kifafa kikija: amlaze ubavu, aondoe vitu vigumu karibu, asimtie kijiko wala kidole mdomoni, aangalie saa, na kikipita dakika tano bila kukoma atafute gari la hospitali. Dawa za kifafa hukuzitaja. Wewe unafanya kazi duka la dawa, unajua kwamba ni za kila siku na si za kungoja kimshike. Kama alishaziacha, hilo ni la kumwona daktari mapema.

Njia nyingine nimeifikiria, na mama yako ataipinga. Kwa nini asitoke naye? Si kila siku, na si katika kile kiti chenu cha madumu. Lakini kijana wa umri huo anataka kuona watu, na mahali penye watu kupita ferini Mombasa hii ni wapi? Najua jibu la mama: watasema anamtumia kuombea. Hilo ni jambo la kweli, kuna watu watamtupia sarafu mapajani. Basi awarudishie na awauzie hamri. Wakishazoea, atakuwa mtoto wa mama mahamri, kama walivyo watoto wengine wanaokaa na mama zao kwenye biashara.

Sasa uliniuliza kuhusu msaada wa kweli. Upo, lakini unatembea kwa karatasi, na mdogo wako mpaka leo hana karatasi ila cheti cha kuzaliwa. Kwa hesabu za serikali bado ni mtoto mchanga. Kitambulisho ndicho cha kwanza, kwa sababu ameshapita miaka 18 na hawezi tena kuandikishwa kwa jina la mama. Watu wa Pwani hatuna haja ya kufundishana usumbufu wa kitambulisho, kwa hiyo jipange: cheti chake cha kuzaliwa na kitambulisho cha mama, uanze kwa chifu. Mwambie chifu mapema kwamba mkono mmoja umekunjamana ili wa kuchukua alama za vidole asije akashangaa, na uombe kama maafisa wanaweza kufika nyumbani. Wakikataa, mpakieni kwenye tuktuk mwende naye. Mchumba wako ana chombo, acha tuone mapenzi yake.

Cha pili ni tathmini. Mnakwenda hospitali ya serikali yenye timu ya kupima ulemavu. Kwa Mombasa ya kuanzia ni Hospitali ya Rufaa ya Pwani, hii ambayo sisi wa zamani tunaiita Makadara. Madaktari watampima na kujaza fomu ya aina na kiwango cha ulemavu. Hapo ndipo akina mama wengi wanapokosea. Kwa aibu au kwa mapenzi huanza kupamba: anakula vizuri, anajitahidi, siku hizi kifafa kimepungua. Siku hiyo msipambe. Semeni hajilishi, hajigeuzi kitandani, huanguka, kifafa humshika, na mama mgongo umekwisha. Fomu ile ndiyo itakayomsemea katika kila ofisi. Mkiombwa ada yoyote, ombeni risiti, na anayekataa kuwapa risiti msimpe pesa.

Fomu ikikamilika ndipo mnamwandikisha kwa Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, lile linaloitwa kwa herufi zake NCPWD. Lina ofisi katika kaunti, na maombi siku hizi hupitia pia mtandaoni, eCitizen. Unatumia simu kila siku, kazi hiyo ni yako, usimwachie mama. Mwisho wake ni kadi. Kadi haimponyi mtu, lakini Baraza lina mfuko wa maendeleo unaosaidia vifaa, masomo, na vikundi vya kujiinua kiuchumi, na bila kadi hamna pa kuanzia.

Kuna pia zile fedha za serikali za Inua Jamii kwa wenye ulemavu mkubwa, wale wanaohitaji mtu wa kuwahudumia mchana na usiku. Ni shilingi 2,000 kwa mwezi, hupokelewa na mlezi, na maombi yake hupitia kwa chifu na ofisi ya maendeleo ya jamii. Mdogo wako ni mtu wa aina hiyo hasa. Lakini usizipigie hesabu kabla hazijafika. Kuandikisha watu wapya hufunguliwa kwa vipindi, na walio ndani wanalalamika kwamba malipo huchelewa. Zikija, za jirani. Zisipokuja, jirani alipwe vilevile.

Nije kwenye kile kiti, maana nina hasira nacho. Nimeviona vingi vya namna hiyo, kwenye vibaraza na mabanda ya kuku, kuanzia hapa mpaka Msambweni, vimebaki kutoka kampeni hii na ile. Ni viti vya hospitali, vya kumsukuma mgonjwa kutoka wodi mpaka chumba cha eksirei na kumrudisha. Kitako chake ni kitambaa, kinalegea katikati kama machela. Mtu asiyeweza kukishikilia kiwiliwili chake akitiwa humo nyonga zinateleza mbele, mgongo unapinda, shingo inaanguka, na baada ya muda anaota vidonda matakoni ambavyo kuvitibu ni kazi kuliko kiti chenyewe. Kwa hiyo mdogo wako kuteleza si ukaidi, na ninyi kuweka madumu si kukosa shukrani. Mlifanya la maana.

Anachohitaji ni kiti kilichopimwa mwilini mwake, kama fundi anavyopima kanzu: upana wa nyonga, urefu wa paja, pa kuegemeza kichwa, mkanda wa kiunoni, na kizuizi cha kutenga magoti yasikatane. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa viti hivi mwaka 2008, na kiini chake ni kwamba kiti hakigawiwi kama kilo ya unga. Mtu hupimwa, kiti hurekebishwa naye akiwa amekaa, yeye na walezi wakafundishwa, kisha wakafuatiliwa. Mombasa mna bahati ya kuwa na wanaoijua kazi hiyo. Chama cha APDK kipo tangu 1958 kwa ajili ya wenye ulemavu wa viungo, na hakuna dereva wa matatu ya njia ya Malindi asiyeijua karakana yao ya Bombolulu, iliyoanza mwaka 1969. Waulizeni habari ya mazoezi ya viungo na upimaji wa kiti. Mkiwa na kadi ya Baraza mnaweza kuomba kifaa kwa njia hiyo pia. Msikubali kupokea kiti ambacho mdogo wako hajakalishwa ndani yake kikarekebishwa mbele yenu, hata kikija na kamera tatu.

Huko kwa wataalamu wa mazoezi mpelekeni na mama, naye kama mgonjwa wa pili. Kuna namna ya kumgeuza na kumhamisha mtu mzima bila kumwinua kama gunia: shuka la kumvutia, ubao wa kutelezea, watu wawili wanaohesabu pamoja, kitanda kilichoinuliwa kikalingana na kiti. Mama amekuwa akitumia mgongo peke yake kwa miaka 19 kwa sababu hakuna aliyemwonyesha. Aliacha kwenda hospitali kwa kuwa kila mara aliambiwa hatapona, na hilo mimi sitamlaumu hata kidogo. Mwambie safari hii hamwendi kutafuta kupona. Mnakwenda kutafuta kukaa vizuri, kula bila kupaliwa, kulala bila vidonda. Na kwa habari ya kula, msimlishe amelala, hata mkiwa na haraka kiasi gani.

Sasa turudi kwenye Gor.

Mtindio wa ubongo ni jeraha la ubongo lililotokea mtoto akiwa tumboni, wakati wa kuzaliwa, au muda mfupi baadaye. Uchungu wa siku mbili na mtoto asiyelia ni hadithi ambayo wakunga wanaijua vizuri: hewa haikufika ubongoni. Wengine huupata kwa manjano kali ya uchanga, wengine kwa homa ya uti wa mgongo. Jeraha hugonga sehemu inayoendesha misuli, na misuli ya ulimi na midomo ni misuli kama mingine. Wako wenye hali hii ambao akili yao imeguswa pia, na wako ambao iko timamu, imefungiwa ndani ya mwili usiotii. Kutosema hakukuambii mdogo wako yuko kundi gani. Kucheka pahali panapostahili kunakuambia kitu. Nami nakiri kosa langu: nimewahi kusimama mbele ya kijana kama huyu nikamwambia mama yake, “Pole, mwenzangu,” kana kwamba yule kijana ni kabati. Alinitazama. Mpaka leo nalikumbuka lile jicho.

Kwa hiyo jaribu hivi, leo usiku. Kaa mbele yake usawa wa macho. Mwambie: nikikuuliza, kama ni ndiyo tazama juu, kama ni hapana fumba macho. Au mchague ishara anayoiweza yeye. Uliza swali ambalo jibu lake unalijua, kisha ambalo hulijui. Ngoja. Hesabu mpaka ishirini kimoyomoyo kabla hujakata tamaa, maana mwili wake huchelewa kutii. Ikiwa ishara inakuja, tengeneza ubao wa picha: chai, maji, choo, naumwa, nigeuze, redio, nje, fulani aje. Bado nakusihi umwone mtaalamu wa tiba ya matamshi, ulizia palepale hospitali siku ya tathmini. Kuhusu shule, kitengo cha watoto kimeshampita, ila kujifunza hakujampita. Ukienda kwa Baraza ulizia mafunzo ya vijana, na ujibu litakapokuja swali la “anaweza nini” kwa kumtazama yeye kwanza.

Kaka yenu wa Doha nina maneno machache naye. Shilingi 8,000 kila mwezi ni heshima, na wako wanaotuma sifuri. Lakini hela hazimgeuzi mtu kitandani. Atume mara moja, mbali na zile za mwezi, za kutengeneza mlango: kizingiti kivunjwe, pajengwe mteremko wa saruji, mlango wa choo upanuliwe kiti kipite. Akija likizo, wiki mbili zamu ni yake, na mama aende kwa dada zake akalale. Na akipiga simu awashe kamera azungumze na mdogo wake, asiulize tu kama zimefika.

Mama yako pia ana haja ya wenzake. Likoni si nyumba yenu peke yake yenye mtoto wa namna hii, mtashangaa siku ya tathmini mkiona foleni. Chukueni namba za simu palepale. Watu kumi wanatosha kuandikisha kikundi katika ofisi ya maendeleo ya jamii, na kikundi cha wazazi kina mlango wa kuomba fedha kwa Baraza ambao mtu mmoja hana. Hata kabla ya fedha, ni wanawake kumi wanaoweza kukaliana zamu.

Kuhusu ndoa. Usiiache. Lakini mavyaa wako usimkasirikie upesi. Neno “mzigo” ni baya, na siku moja atalijutia. Ila swali lake la mwanzo si la dhambi. Mama yeyote huuliza ukoo anaoingia mwanawe, na yeye alikaa kwenye jamvi lenu, akala tambi na kahawa yenu, halafu akaja kusikia sokoni kwamba kuna mtu alifungiwa kwa jirani. Ningekuwa mimi ningeuliza wameficha na nini kingine. Kilichomuudhi mkwe wako mlikitengeneza ninyi asubuhi ile, na wewe ulinyamaza. Umelisema mwenyewe, nami nakupongeza kwa kulisema.

Basi lifumueni pale mlipolishona. Mwombe mchumba wako amlete mama yake kwenu, asubiri hasira zipoe kitu gani, hasira hupoa kwa watu kuonana. Mdogo wako awepo, ameogeshwa, amevaa kanzu, amekalishwa vizuri na mito mpaka kiti kipatikane, na redio yake karibu. Mama yako amtambulishe kwa jina lake. Wewe ueleze ulivyozaliwa ugonjwa huu: siku mbili za uchungu, mtoto hakulia. Hauambukizi, haukutokana na jini wala mkosi, na ulioletwa na uzazi mgumu namna hiyo haumfuati mtu katika damu. Kisha mwambie waziwazi unachokusudia, kwa siku na saa, maana watu huogopa wasichokijua kipimo chake. Kwa mfano: kila Ijumaa na Jumamosi nitakuwa kwa mama, na mama akiugua mdogo wangu atakuja kwangu. Usitoe ahadi ya kumchukua moja kwa moja ili kumridhisha mama yako, wala ya kutomchukua kamwe ili kumridhisha mkwe wako. Mchumba wako awe amekaa hapo hapo anasikia, na atikise kichwa mbele ya mama yake. Akishindwa kutikisa kichwa, hapo ndipo uniandikie tena kuhusu kuiacha.

Na siku ya nikaha mdogo wako akae mbele, na wanaume.

Kitambulisho kikitoka, mwandikisheni kupiga kura. Sheria inamruhusu kusaidiwa na mtu anayemwamini, na uchaguzi ni Agosti 2027. Yule aliyewaletea kiti atapita tena mtaani, safari hii amkute mpiga kura.

Umeniambia hucheka Gor wakifungwa, hukuniambia yeye ni shabiki wa nani. Bandari? Ingwe? Muulize usiku huu, kwa macho, kisha unijulishe.